Mfalme wa Mtaa wa Jules

Siku ya kwanza Burhani alisukuma sahani ya wali mbele ya mdogo wake akasema, "Onja kwanza."

Luqman akacheka. Alidhani kaka yake anamtania shemeji yake kwa mapishi, maana ndoa nyingi hudumu kwa utani wa namna hiyo. Akakata tonge, akala, akasifia. Burhani hakucheka. Alilitazama koo la mdogo wake likipanda na kushuka, akangoja mpaka wali ukapoa kabisa, ndipo akavuta sahani akala kimya. Ummi, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, na jambo lile halikumpendeza. Mwanamke aliyempikia mume wake miaka yote hiyo anajua pale anapotukanwa.

"Kuna nini kwenye chakula changu?" aliuliza.

"Hakuna kitu," Burhani alijibu. "Ndiyo maana ninakula."

Walikuwa watu wa Tanga, waliohamia Johannesburg na kufungua duka la ushonaji huko Malvern, Mtaa wa Jules, baina ya muuza matairi yaliyotumika na saluni ya Ruphin, Mkongo. Walishona kanzu za maharusi na sare za shule, na zaidi ya yote walibadilisha zipu za suruali, kwa sababu mji huu, pamoja na dhahabu yake yote, unaishi kwa zipu. Walilala chumba cha nyuma. Luqman alilala dukani, chini ya meza ya kukatia. Burhani alimleta mdogo wake huku mama yao alipofariki, akamfundisha kutia uzi, kisha kupima, kisha kukata, ambako ndiko imani ya fundi iliko. Yeye na Ummi hawakujaliwa mtoto. Watu wa mtaa wakimwuliza, Burhani alikuwa akisema kwa kujigamba, "Huyo Luqman mnamwona nani?"

Sasa niseme kosa lilikuwa wapi, maana mabaya haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mtu mmoja mzee alileta joho apunguziwe mabega, joho jeusi zito, la kale, lenye nyuzi za dhahabu shingoni. Alisema atalifuata baada ya wiki, na hakuonekana tena. Kila fundi cherehani aliyefunzwa akafunzika anajua kwamba nguo ya mteja haivaliwi, hata kama mteja amekufa, na hasa kama mteja amekufa. Burhani mwenyewe alimwimbia Luqman wimbo huo kila mara. Lakini ilikuwa mwezi wa saba, na yeyote anayedhani Afrika yote ni joto aje Malvern mwezi wa saba. Umeme ulikuwa umekatwa, vidole vimekufa ganzi, suruali ya watu inangojewa. Burhani akalitungua joho kwenye kiango, akajifunika mabegani, akaendelea na kazi. Lilimkaa barabara, mabega kwa mabega. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sidhani kama walikuwa na joho mawazoni.

Baada ya siku ile ya wali mengine yakafuata. Asubuhi Burhani alikuwa Burhani, mpole, mwenye kusahau miwani kichwani. Ilipoingia Alasiri alibadilika. Alihamisha cherehani yake ili asimpe mtu mgongo. Harufu ikaja dukani, marashi ya waridi yaliyochanganyika na kitu kama kisima kilichofunikwa muda mrefu, na Ummi alifua, akadeki, akafukiza, harufu ikabaki pale pale. Kisha ikaja minong'ono. Cherehani zikinyamaza, nyuma ya ukuta wa upande wa matairi ilisikika sauti ya watu wengi wanaozungumza chini chini, wanakohoa, wanasogeza miguu, kama watu walio barazani wakingoja kuitwa ndani. Muuza matairi alikuwa amekwisha kufunga na kwenda kwake.

Zaidi ya yote, Alasiri ikishaingia, Burhani hakumwita Luqman kwa jina. Alimwita "mwana wa mama mwingine." Na mama yao alikuwa mmoja.

Luqman alilichukua joho akalichoma ndani ya pipa uani. Lilitoa moshi mzito wa nywele zinazoungua. Burhani hakuinuka kwenye kiti chake. Alicheka tu, cheko jembamba ambalo hawakuwahi kulisikia kwake, akasema, "Mmechoma mlango. Mwenye kuingia amekwisha kuingia."

"Tumpigie Bi Fauzia," Ummi alisema usiku huo huo. Bi Fauzia alikuwa shangazi yake Burhani, fundi mkubwa wa kupunga pepo pale Tanga.

"Shemeji, tukimpigia, kesho Tanga nzima inajua," Luqman alisema. "Watasema tulikwenda Sauzi kutafuta wazimu. Eish! Tumwite Sele. Si aliwahi kufanya kazi na shangazi?"

Selemani alikuwa mfungaji wa madishi ya televisheni. Ni kweli aliwahi kumpigia ngoma Bi Fauzia, tena msimu mzima, mpaka alipofumaniwa akila halwa ya jini kabla jini halijaonja, akafukuzwa kwa fimbo. Elimu aliyobaki nayo ilikuwa ya mtu aliyekaa karibu na jiko, si ya mpishi. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na Ummi alikubali.

Walimpunga Jumapili baada ya Alasiri, bati la mlango likiwa limeshushwa nusu. Selemani alifanya yale aliyoyaona yakifanywa. Alitandika shuka nyeupe juu ya meza ya kukatia, akapanga chano: halwa, tende, kahawa chungu, chupa ya marashi. Ummi alishika chetezo cha ubani kwa mikono miwili. Burhani aliketishwa mezani, akafunikwa shuka nyingine mabegani. Selemani akaanza kuimba huku akipiga ndoo ya rangi, kwa kuwa ngoma hapakuwa nayo.

Burhani hakuanguka. Hakutetemeka wala kutoa povu kama wengine wanavyopandisha. Moshi ulipokolea alinyoosha mgongo tu, akawatazama kama mwenye nyumba anayengoja wageni wamalize kelele, na minong'ono ya nyuma ya ukuta ikakatika yote kwa pamoja.

"Karibu, mgeni wetu mtukufu," Selemani alisema. "Tunakupa mkono."

Ndivyo desturi ilivyo. Pepo akishapanda kichwani, waliohudhuria humwendea mmoja mmoja wakampa mkono, kama anavyopokewa mgeni aliyetoka mbali. Selemani akatoa mkono wake. Luqman akafuata. Wakati huo huo Ruphin akaingiza kichwa chini ya bati.

"Mama Ummi, iko arufu gani hii? Inaingia mupaka kwa bateja yangu." Akaona shuka nyeupe, akaona halwa, uso ukamchangamka. "Ah, fête! Iko sherehe! Félicitations, Papa Burhani." Na yeye akaja, akatoa mkono.

Kila mkono Burhani aliushika muda mrefu, akiufumbata. Ummi peke yake hakutoa wake, kwa sababu chetezo kilikuwa kimejaa makaa.

"Kiapo kimepokewa," Burhani alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima kuliko yeye, ya polepole, Kiswahili chake kimenyooka mno. "Sasa nina watu."

"Kiapo gani, bwana?" Selemani aliuliza.

"Mkono apewao mfalme, kwenu mnauitaje?"

Burhani akaitazama halwa, akamkonyeza Luqman aonje, na Luqman, ambaye dakika ile ile alikuwa akijiambia kwamba haonji kitu tena, alionja.

"Kila mtu huzaliwa na jini lake," ile sauti ilisema. "Karini, pacha asiyeonekana. Pacha wangu alikuwa Shadhani bin Waili, mfalme wa Wadi Dhahma katika bara la Waarabu. Yeye alikufa. Mimi sikufa.

"Tulizaliwa jikoni. Baba alikuwa mfalme na mama alikuwa mpishi aliyenunuliwa, na mfalme alikuwa na wana wengine, wenye mama wenye majina. Watoto kama sisi hawakutupwa, walipewa kazi. Tulipewa kazi ya kuonja. Kila sahani iliyokwenda kwa baba na kwa ndugu zetu ilipita kwanza kinywani mwetu, nao wakakaa wanatutazama koo huku wakipiga soga, wakingoja waone kama tutakufa. Ndio utoto wetu huo. Tulishiba kila siku, na kila siku tulikula kwa hofu.

"Mwonjaji huzijua sumu kama fundi huyu anavyojua nyuzi. Tulimchagulia baba ile isiyo na haraka. Tukaionja mbele ya macho yake kila mlo, kidogo kidogo, kwa adabu. Mwili wetu ulikwisha kuizoea tangu udogoni. Wake haukuizoea.

"Tulipomzika tuliwaita ndugu zetu kwenye chakula cha matanga. Kwetu kipofu hatawali, ndiyo sheria, kwa hiyo haikuwa lazima kuua. Tulipasha moto kijiti cha wanja. Walikuja mmoja mmoja, kwa utaratibu, kila mmoja akashikwa kichwa na watumishi wake mwenyewe. Yule mkubwa alituomba tumwachie jicho moja ili amwone mtoto wake akikua. Tulimwuliza, lipi? Akafikiri, akachagua la kulia. Tukaanza na hilo."

Ummi alisikia kite kikimtoka Ruphin, lakini Ruphin hakuondoka. Miguu yake ilikuwa imesimama pamoja kama ya askari.

"Mmoja tulimwacha," sauti iliendelea, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na uchungu ndani yake. "Mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa akitoroka kwa mama yake kuja jikoni kula nasi ukoko. Alitupenda tulipokuwa si kitu. Tukasema, huyu hapana. Tukaketi katika kiti mitende ikiwa inachanua. Hutuba ikasomwa kwa jina letu, sarafu ikapigwa kwa jina letu, wenye ndevu wakatubusu mkono. Tende zilipoanza kuwa nyekundu mdogo wetu alituletea mkate mkononi mwake. Waonjaji walikuwapo. Tukasema, mkono huu hauonjewi. Tende za mwaka ule hatukuzila. Utawala wetu wote ulikuwa huo, toka ua hadi tunda. Yeye alilia sana maziarani, kisha akatawala mpaka uzeeni, na watu wakampenda."

Akamgeukia Luqman. Alimtazama macho tu, moja kisha jingine, kwa makini yale yale ambayo Burhani humpimia mtu shingo.

"Huruma ndiyo iliyonikatia utawala wangu. Nimekuja kuumalizia. Ijumaa, baada ya hutuba, mdogo wangu ataletwa hapa juu ya meza hii, na nitafanya lile nililoacha."

Asubuhi Burhani aliamka akiwa na njaa, akaulizia chai. Hakukumbuka kitu. Ummi alimweleza yote, kwa sababu hakuona njia nyingine, na mume wake akalia mbele yake kama mtoto, akajipiga kifua, akasema afungwe kamba. Walimpeleka zahanati kwanza. Akapewa vidonge vya usingizi, na Alasiri mfalme akaamka amepumzika vizuri. Siku ya pili Ummi alimfunga kwenye kitanda kwa kitambaa kigumu cha kushonea mifuko. Ilipofika saa ile ile Selemani aliingia bila hodi, ameacha ngazi yake na madishi ya watu barabarani, na Ruphin nyuma yake, amewaacha wateja saluni wamesukwa nusu kichwa. Walimfungua Burhani taratibu, kwa heshima, fundo baada ya fundo. Kisha wakasimama pande mbili za mlango, mikono kifuani, macho yako wazi na hayaoni.

"Ruphin," Ummi alimnong'oneza, "baba, nenda kwako. Mkeo anakutafuta."

"Nitaenda, mama," Ruphin alijibu kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Bado hajaturuhusu."

Luqman alitoroka. Ummi ndiye aliyemsukuma. Alimpa nauli, akampandisha teksi asubuhi na mapema, aende Yeoville kwa vijana wa Tanga wanaoishi pamoja huko, na kutoka huko apande basi la Durban. Luqman alifika Yeoville. Aliwasimulia wenzake, wakamfungia mlango kwa ufunguo, wakacheza karata naye, na wakati anagawa karata, hivyo ndivyo walivyosema baadaye, aliziweka chini, akainuka, akaupiga bega mlango mpaka kitasa kikang'oka, akatoka bila kuaga na bila kiatu cha kushoto, akatembea katikati ya magari, akavuka kila robot, taa za barabarani, bila kuzitazama, akashuka mabonde na kupanda vilima vya Kensington huku mguu ukichubuka na kutoa damu kwenye lami, na Ummi alipofungua mlango wa duka Alasiri kumwaga maji machafu alimkuta amesimama pale, amenyooka, anatabasamu kidogo kwa adabu, huku machozi yanamtoka. Midomo yake ilikuwa ya mtu mwingine na machozi yalikuwa yake.

"Shemeji," alisema kupitia tabasamu lile. "Nishike. Tafadhali nishike nisiingie."

Ummi alimkumbatia kwa nguvu zake zote. Akaburutwa naye mpaka ndani.

Siku iliyofuata Ummi alimpigia simu Bi Fauzia, aibu isiwe aibu. Ilikuwa asubuhi, Luqman amelala chini ya meza kwa uchovu, Burhani yuko uani. Bi Fauzia alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akalipuka.

"Nani aliwaambia mtoe mikono? Mkono kwa jini la kawaida ni salamu, mwanangu. Kwa mfalme ni kiapo! Ninyi mmemtawaza! Huyo Selemani mwizi wa halwa, akirudi Tanga nitamla nyama. Wewe ulitoa?"

"Sikutoa, shangazi."

"Basi wewe huru, wengine ni mali yake. Sikiliza. Yeye ataka kutawala, na sheria yao wenyewe ndiyo inayombana: karini la mfalme halikai kwenye kiti chenye kilema. Ndivyo walivyoondoana. Kwa hiyo ogopa sana asi... la, ngoja nije, haya si mambo ya simu. Jumamosi nitakuwa huko kwa ndege. Msifanye lolote mpaka nije."

"Shangazi, amesema Ijumaa."

Upande wa pili Bi Fauzia akaanza kuomba dua, na Ummi alipoinua kichwa alimwona Burhani amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, na alikuwa amesikia.

"Kiti chenye kilema," alisema.

"Burhani, usinitazame hivyo."

"Sikutazami vibaya, mke wangu." Aliweka ndoo chini, akaketi karibu naye, akamshika kiganja. "Mimi ndiye niliyevaa nguo ya watu. Luqman kosa lake nini? Kwamba ana kaka? Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Tutakwenda polisi. Tutamkodishia gari limpeleke mbali kabisa."

"Atarudi kwa magoti," Burhani alisema, na wote wawili walijua ni kweli. Hakulisema tena jambo lile. Alhamisi alimshonea Luqman shati jipya, akalipiga pasi mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Burhani alimtuma Ummi Kensington akanunue vifungo. Luqman naye akatumwa kwa muuza matairi kumsaidia kupanga mzigo. Ummi alikwenda, kwa kuwa mwanamke aliyechoka hutii kabla hajafikiri. Alikuwa amefika nusu ya njia alipokumbuka kwamba mume wake alipoagana naye alimtazama muda mrefu, uso, kisha nywele, kisha mikono, kisha uso tena, kama mtu anayetaka kubeba vitu vyote kwa mara moja. Vifungo vilikuwapo tele dukani. Aligeuka akaanza kukimbia.

Bati la mlango lilikuwa limeshushwa na kufungwa kwa ndani. Aligonga kwa ngumi, akaita, na katikati ya kuita akasikia sauti mbili ndani, akanyamaza, maana hapakuwa na watu wawili mle. Alasiri ilikuwa mbali bado, lakini mfalme alikuwa ameamshwa mapema.

"Utakuwa ombaomba, fundi," sauti ya polepole ilikuwa ikisema. "Utasikia mkeo akizeeka na hutamwona. Mikono yako itasahau kazi. Weka chini hiyo sindano."

"Siweki," alisema Burhani, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka vibaya.

"Unaogopa."

"Ninaogopa. Naogopa sana, Wallahi."

"Na huyo ambaye kwa ajili yake unayafanya haya, wajua atakuja kukuchoka. Wote huchoka. Nitazame mimi niliyempenda mdogo wangu."

"Wewe ulimwacha kwa sababu ulitaka akupende," Burhani alisema. "Mimi nimemlea."

Ummi alishika ukingo wa bati kwa vidole akaling'ang'ania kulinyanyua, kucha zikivunjika, akimwita Luqman, akimwita Mungu, akimwita muuza matairi, na kutoka ndani zilimjia harufu zote pamoja, waridi na kisima na chuma kilichokaa motoni, na minong'ono ile ya watu wa ukutani ikapanda, ikawa kelele, ikawa kilio cha umati mzima unaokimbia ukumbini na kuangusha viti, na juu ya kilio kile akasikia mume wake anapiga bismillahi, na baada ya bismillahi akasikia ukelele mmoja, akadhani umekwisha, akasikia Burhani anahema, anahema, anatafuta pumzi ya kuanzia upya, kwa sababu mtu ana macho mawili na lilikuwa limebaki jingine.

Luqman na muuza matairi walivunja kufuli kwa mtaimbo. Nitanyamaza kuhusu walichokiona. Burhani alikuwa sakafuni, mikono imefunika uso, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mtoeni Luqman, asione."

Nje, Selemani aliyekuwa juu ya paa la mtu alishuka akakaa chini akilia bila kujua kwa nini. Ruphin alikuja mbio, ana hofu yake mwenyewe usoni, macho yake mazima, anauliza kwa Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja nini kimetokea. Duka halikunuka kitu ila pasi na uzi. Nyuma ya ukuta palikuwa kimya.

Alasiri iliwakuta hospitali. Burhani amelazwa, kichwa chote bandeji nyeupe, dawa za maumivu zimemlegeza ulimi. Ummi alikaa kando ya kitanda. Luqman alisimama dirishani, amevaa lile shati jipya, ameangalia nje kwenye maegesho ya magari. Tangu asubuhi alikuwa amelia mpaka sauti ikamwisha.

"Ummi, Alasiri imeingia?" Burhani aliuliza.

"Imeingia na imepita."

"Hakuja?"

"Hakuja."

Burhani alicheka kwa shida, midomo imepasuka. Ummi naye alicheka, akashangaa kwamba anaweza. Akainuka kumwambia Luqman asogee akae na kaka yake, akamgusa begani.

Luqman aligeuka. Alimtazama kwa upole. Aliponena alinong'ona, ili kitandani kusisikike, na kunong'ona kwake kulikuwa kwa polepole, kila neno limenyooka mno.

"Alidhani kiti kikivunjika mfalme hukaa chini," alisema. "Kiti kikivunjika, ufalme huenda kwa mrithi. Hana mtoto. Ana ndugu, na ndugu amenipa mkono."

Ummi aliuondoa mkono wake begani.

"Na mimi sasa sina mdogo wa kumwogopa," Luqman alisema. "Nitatawala muda mrefu." Akakitazama kitanda, akatabasamu. "Usimwambie. Amelipa ghali. Mwache afurahie alichonunua."

"Ummi?" Burhani aliita. Alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, anakigeuza huku na huku kutafuta sauti. "Unanong'ona na nani?"

"Na Luqman."

"Mzima?"

"Mzima."

"Na macho yake? Ummi, macho yake?"

Ummi aliyatazama. Yalikuwa yakimtazama, makubwa, safi, hayapepesi.

"Mazima," alisema. "Yote mawili."

"Alhamdulillah," alisema Burhani, akalaza kichwa.